Nyota Iliyosimama Juu ya Jaruba Langu

Jaruba langu liko upande wa mashariki wa nyumba, ukishapita zizi. Ni udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi mpaka mbuzi anaingiza mguu mzima kwenye ufa, na mvua ikija unashika maji kama sufuria. Wanangu wote wamekula mpunga wa hapo. Baba yao alipokufa, jaruba lilibaki, na mimi nikabaki nalo.

Mtu asiyelima mpunga huona kingo za udongo tu akadhani ndizo zinazozuia maji. Kingo zinazuia maji ya pembeni. Maji ya chini yanazuiwa na sakafu ya mfinyanzi ambayo hukuijenga wewe, na ukiitoboa huwezi kuijenga tena. Kuna jirani yetu wa bondeni aliruhusu wachimbaji wachimbe shimo moja la kujaribu kwenye jaruba lake. Hawakupata kitu, wakafukia vizuri, wakashindilia, wakaaga kwa adabu. Mpaka leo mvua ikinyesha maji yanazunguka pale pale na kumezwa, kama mtu anayekunywa kwa mrija. Jirani yule sasa ananunua mchele dukani. Nasema mapema ili msomaji ajue nilikuwa napigania nini. Watu wengine walidhani napigana na nyota.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka ule wa ugonjwa, shule zilipofungwa kisha zikafunguliwa. Redio yangu hukaa dirishani jikoni. Jioni moja nilikuwa napika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamsikia mtangazaji akisema kwamba sayari iitwayo Mirihi imeikaribia dunia, na kwamba itapita miaka mingi kabla haijawa karibu hivi tena. Akasema tutaiona mashariki jua likizama, ni nyekundu, hatuhitaji chombo chochote zaidi ya macho. Nikageuza michembe yangu. Macho ninayo.

Nilipotoka kumwaga maji niliiona. Sikuwahi kuiona namna ile. Nyota ninazozijua mimi ni Kilimia, ambayo mama yangu alinifundisha kuitazama kabla ya kulima, na ile ya asubuhi inayowatoa wanawake kitandani. Hii haikuwa inapepesa. Ilikaa tu, nyekundu, kama kaa moja la moto lililosahaulika jikoni. Na ilitokea kule kule, nyuma ya jaruba langu.

Nikasema, haya, umefika, karibu. Nikaingia ndani kula.

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Mkewe na mtoto wao mdogo wanakaa hapa kwangu wakati nyumba yao inajengwa. Nyumba yenyewe bado ni msingi, mawe na saruji, upande wa magharibi karibu na barabara ya kwenda Bugarama. Ule msingi wameujenga wenyewe wawili. Yeye akirudi na chochote ananunua saruji, na mkewe anabeba maji kutoka bombani.

Wiki ile alirudi na mgeni. Alikuja na mwenye duara wake, yaani mtu anayemiliki shimo la kuchimbia. Yeye hashuki. Analisha wanaoshuka, ananunua matimba, zile nguzo za kuzuia shimo lisianguke, na mawe yakitoka anachukua fungu kubwa. Alikuwa mtu mchangamfu, kofia kichwani, na kwapani amebeba jogoo mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Jogoo wa nini? Mnaona nimekonda?"

"Huyu si wa kula, mama," akasema mwenye duara. "Huyu ni wa kazi."

"Kuku hana kazi nyingine ninayoijua."

Akacheka sana. Mwanangu hakucheka. Nilimwona anatazama mashariki, jua lilikuwa linashuka, na moyo wangu ukaniambia huyu hajaja kunisalimia.

Jua lilipozama, mwanangu alichukua vijiti viwili akavichomeka uani kwangu, kimoja kifupi na kimoja kirefu kidogo. Ndivyo wanavyofanya machimboni wakifuata mkanda wa mwamba wenye dhahabu. Kijiti hapa, kijiti pale, jicho linapita juu ya vyote viwili, wanajua mwamba umeelekea wapi chini ya ardhi. Akalala kifudifudi kwenye vumbi, shati safi, akafumba jicho moja.

"Mayu," akaniita. Akitaka kitu huniita Kisukuma. "Njoo uone kwa macho yako."

Niliinama, magoti yakalia. Nikatazama juu ya kijiti cha kwanza na juu ya cha pili. Sisemi uongo, nilishtuka. Lile kaa la moto lilikuwa limesimama juu ya katikati ya jaruba langu, kama taa iliyotundikwa na mtu.

"Umeona?" akauliza mwenye duara.

"Nimeona nyota."

"Mama, dhahabu inatembea. Wazee wa machimbo wote wanajua. Leo iko hapa, kesho imehama. Na hii nyota, redio yenyewe imesema imekuja karibu. Unadhani imekuja kutembea? Ina vitu vyake ardhini, imekuja kuviita. Pale inaposimama ikichomoza, hapo ndipo dhahabu imepanda juu. Ikishaondoka, inazama tena, hamtaiona wewe wala wajukuu wako."

"Mtangazaji hakusema hayo."

"Mtangazaji yuko Dar es Salaam. Ana duara yeye?"

Sisi huku tunaona taa za mgodi mkubwa wa Bulyanhulu kila jioni, kwa hiyo kila mtu anaamini kwamba mlango wa pili uko chini ya miguu yake. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini kuna kuamini, na kuna kuchukua sururu.

Tulikaa kwenye mkeka. Mkwe wangu alileta maji ya kunawa, akaweka ugali na nsansa, mboga yetu ya majani ya kunde yaliyokaushwa, akakaa pembeni na mtoto wake. Mwanangu akaanza polepole. Kwamba mwenyekiti wa kitongoji ameshaambiwa, anakuja asubuhi saa tatu kushuhudia makubaliano. Kwamba wataanza na shimo moja tu.

"Moja," nikasema. "Kama la bondeni."

"Wale hawakuwa na alama, mama. Sisi tunayo alama."

"Jaruba lina alama yake. Lina kingo."

"Mama, lile shamba ni la baba."

"Baba yako yuko wapi? Mwite aje alime."

Mwenye duara akaingilia kati kwa sauti ya asali. "Mama, hatukunyang'anyi. Utapata mgao wako wa mawe, safi kabisa, kwenye viroba."

"Na hayo mawe nitayatia chumvi kiasi gani?"

Mkwe wangu akajifunika mdomo kwa kanga. Mwenye duara naye akacheka, lazima niseme hakuwa mtu wa kununa. Mwanangu ndiye aliyenuna. Akasema, "Wewe unataka tufe na mpunga. Kila mwaka matope, kila mwaka jembe. Mimi nimechoka kushuka shimo la mtu mwingine. Nataka shimo langu."

Nilimwelewa. Mama humwelewa mtoto hata pale anapotaka kumpiga. Shimo la mtu mwingine ni giza la mtu mwingine, na yeye ameshuka humo tangu ndevu hazijamtoka. Lakini kumwelewa si kumpa jaruba.

"Kuleni," nikasema. "Mlale. Asubuhi tutaongea."

Walitazamana. Walidhani nimelegea. Mwenye duara alikwenda kumfunga jogoo wake jarubani kwa kamba mguuni, ili alale juu ya dhahabu kabla hajachinjwa kufungua shimo. Nikamwambia, "Mrudishe ndani huyo. Kicheche hana habari za nyota." Akamrudisha.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la tatu. Lakini maji nimeteka maisha yangu yote, na bomba letu lina foleni, kwa hiyo mimi huamka mapema, kabla giza halijaisha. Nikiwa nimelala nikakumbuka kitu. Wiki nzima ile, nikienda bombani, nilikuwa naona kitu chekundu upande wa barabara, chini, kinakaribia kuzama. Sikukitilia maanani. Asubuhi mtu anawaza ndoo yake. Sasa nikajiuliza kama ilikuwa nyingine au ni hii hii. Nilipotoka usiku wa manane kwa haja zangu nikaikuta juu kabisa ya paa la nyumba. Jarubani hakuna kitu. Nikasema, aa, kumbe na wewe unatembea.

Kabla ya kupambazuka nilikuwa uani. Mkwe wangu alikuwa ameshaamka, ameshika ufagio.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Weka ufagio chini, usifute hivyo vijiti."

Niliving'oa vyote viwili. Nikageuka magharibi, na nyota ilikuwa pale, chini, juu ya barabara, nyekundu vile vile. Nikavichomeka upya, kifupi karibu na kirefu mbali, nikapiga magoti na kufumba jicho kama nilivyomwona mwanangu akifanya. Chini ya nyota, katikati ya vijiti, palikuwa na ule msingi wa nyumba.

Nikisema ukweli wote, ningesogea kidogo kushoto ingesimama juu ya banda la jirani. Ningesogea kulia, ingekuwa juu ya mkonge. Lakini hata mwanangu jana alichagua mwenyewe pa kuchomeka vijiti vyake. Nami nilichagua pangu.

"Amkeni!" nikaita mlangoni. "Amkeni, nyota yenu imehama!"

Mwanangu alitoka amevaa bukta. Mwenye duara alitoka amejifunga blanketi langu, kofia kichwani, nadhani alilala nayo.

"Hii ni nyingine," akasema alipoiona.

"Nyekundu kama hii unazijua ngapi?"

Alikwenda akalala kwenye vumbi na blanketi langu, nikaumia kuliko nilivyoumia kwa yote ya jana. Akatazama muda mrefu. Kisha mwanangu naye akatazama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, kwa sababu mtu anaujua msingi wa nyumba yake hata gizani.

Nilitegemea mwenye duara ataona aibu. Kumbe mtu anayeamini haoni aibu, anaongeza tu. Alipiga makofi.

"Ndugu yangu! Mkanda ni mrefu! Umetoka kule jarubani, umepita chini ya hii nyumba ya mama, umetokea kwenye msingi wako. Kichwa kule, mkia huku! Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Basi mtachimba wapi?" nikauliza.

"Tuanze mkiani, mama. Kwa heshima yako. Jaruba tuliache kwanza." Akamgeukia mwanangu. "Pale ni rahisi, mawe umeshapanga mwenyewe. Tunaondoa kona moja tu."

"Kona ipi?" mwanangu akauliza.

"Ile ya kushoto. Inayotazama barabara."

Mkwe wangu tangu jana hakuwa amesema kitu mbele ya mgeni. Huku kwetu mkamwana hapandishi sauti uani kwa mama mkwe wake, na yeye amelelewa. Sasa alimweka mtoto mgongoni, akakaza kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kona hiyo ni ya chumbani. Maji yake niliyabeba nikiwa na huyu tumboni."

Akatembea mpaka kwenye msingi. Tulimtazama akivuka barabara. Alipanda juu ya mawe, akakaa kwenye ile kona na mtoto wake mgongoni, akatutazama. Hakuwa na jembe wala fimbo. Alikaa tu.

Mwenye duara akacheka kidogo. "Shemeji anatania. Ndugu yangu, mwambie."

Mwanangu akasema, "Pale hapana, bwana."

"Jana ulisema nyota haidanganyi."

"Pale kuna nyumba."

"Nyumba gani? Ni mawe! Haijafika hata kwenye dirisha."

"Pale kuna nyumba," mwanangu akasema tena, na safari hii alisema kama baba yake.

Nikaona sasa ni zamu yangu. Sikupaza sauti. Nilinyoosha mkono upande wa pili, kwenye jaruba, ambalo wakati huo lilikuwa kavu na limepasuka pasuka, halina hata jani, mtu wa mbali angesema ni uwanja tu.

"Na pale kuna nini?" nikamuuliza mwanangu.

Alitazama jaruba, akatazama mkewe kwenye mawe, akatazama chini. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na ile nyota ilikuwa inafifia kama taa inayoishiwa mafuta. Aliving'oa vile vijiti. Akavivunja kwa goti, akaenda kuvitia jikoni chini ya sufuria ya chai.

Mwenyekiti wa kitongoji alipofika saa tatu alitukuta tunakunywa chai. Nikamwambia, "Tumekuita bure, baba, lakini michembe ipo." Alikaa, akala michembe na karanga, akauliza habari za mvua, akaenda zake. Mwenye duara naye alikunja blanketi langu vizuri na kunirudishia. Aliniambia, bila hasira, "Mama, umefunga mlango wa baraka."

"Mlango ni wangu," nikamwambia. "Wewe karibu tena, uje bila sururu."

Akapanda bodaboda. Nikamkumbusha jogoo wake. Akatikisa kichwa akasema kuku aliyekwisha kutajwa kwa kazi harudi nyumbani, atamletea mkosi. Basi jogoo akabaki. Mimi sikumtaja kwa kazi yoyote, kwa hiyo alikuwa kuku tu, na aliishi kwangu kama kuku.

Nisidanganye kwamba mwanangu alinikumbatia. Siku ile alikuwa mkali kama pilipili. Alikaa nyuma ya zizi peke yake. Mchana nilimpelekea ugali, akauliza bila kunitazama:

"Na kama ipo kweli, mama? Chini pale?"

"Basi ipo. Ikae."

"Itakaa bure."

"Haikai bure. Imeshika maji yangu."

Akatafuna. Nikamwambia, "Kingo za upande wa juu zimebomoka. Jembe liko mlangoni. Ukimaliza kula, njoo." Sikumwomba. Mtoto uliyemzaa humwombi kushika jembe, unamwonyesha lilipo.

Alikuja jioni, jua limepoa. Tuliinua kingo pamoja, yeye anachimbua mabonge, mimi nayapanga na kuyapiga kwa mgongo wa jembe. Mkewe alileta maji ya kulainisha. Ile nyota ikachomoza pale pale juu yetu, kubwa, nyekundu, bila haya. Mwanangu aliitazama mara moja, akatema mate pembeni, akaendelea kuchimbua. Siku zilizofuata alirudi Mwakitolyo, kwa shimo la yule yule mwenye duara, maana kazi ni kazi. Lakini alirudi mvua zilipoanza, bila kuitwa, na hilo halikuwa limetokea kwa misimu kadhaa.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya haki. Udongo ulikunywa, ukafunga nyufa zake, ukaanza kukataa kunywa zaidi, na hapo ndipo maji yanapokaa. Mimi hupenda kusimama ukingoni siku ya kwanza maji yakikaa. Sikuambii kwa nini. Ukilima mpunga utajua.

Jioni moja tulikuwa tunahamishia miche jarubani, mimi, mwanangu na mkewe, tumeinama, matope magotini, mawingu yamepasuka kidogo. Nilisimama kunyoosha mgongo. Ile nyota ilikuwa imeshapanda juu, imekuwa ndogo, inaondoka kama redio ilivyosema. Nikatazama chini kwenye maji, nikaiona pale pia, kati ya miche miwili, nukta nyekundu imetulia.

Nikamwita mwanangu. "Njoo huku upesi."

Akaja akichapa maji, amedhani nimekanyaga nyoka. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hiyo hapo. Imeshuka yenyewe mpaka jarubani. Chukua jembe uichimbe."

Aliitazama. Mkewe akaanza kucheka kabla yake, kicheko cha kuinama, akashika kiuno. Mwanangu akanitazama kama anataka kukasirika, akashindwa. Akachukua mche mmoja kutoka kwenye fungu langu, akauchomeka pale pale juu ya ile nukta, na maji yakatibuka.